Ngeli za Wagonjwa wa Goti: Utangulizi wa Sarufi ya Fiziotherapia kwa Simu

Mgonjwa aliyewekewa goti bandia, akarudishwa nyumbani, kisha akawa anafanyishwa mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia kwa simu ya video, bado hajaainishwa na mwanasarufi yeyote. Pengo hili ni kubwa. Kiswahili kina ngeli ya watu, ya miti, ya mahali, hata ya vitendo visivyo na mtenda. Hospitali ina majalada mawili tu, la goti na la nyonga. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo na, kama ilivyo desturi ya makala ya namna hii, kufungua mengine mawili matatu yatakayompa mwandishi kazi hadi astaafu.

Kiunzi cha nadharia

Waliopita darasa la sarufi watakumbuka ugomvi wenyewe. Tangu Wilhelm Bleek alipozipa nambari ngeli za lugha za Kibantu katika karne ya 19, na Carl Meinhof akaja kuuendeleza mpango huo, wapo wanaoainisha nomino kwa umbo, yaani kwa kiambishi kilichobandikwa mwanzoni, na wapo wanaoiainisha kwa upatanisho, yaani kwa kile inachoyalazimisha maneno mengine ya sentensi kufanya. Kwa wale wa kwanza, kiongozi na kisu ni ndugu, maana wote wana KI-. Kwa wale wa pili undugu huo haupo: kisu kinaanguka, kiongozi anaanguka, na aghalabu anakataa kwamba ameanguka.

Hospitali ni za mrengo wa umbo. Humsoma mgonjwa kwa kiungo kilichobadilishwa: goti la kulia, nyonga ya kushoto, bandia iliyogandishwa kwa saruji ya mifupa au isiyogandishwa. Uainishaji huu unamfaa mtu akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji. Akifika nyumbani haufui dafu. Watu wawili wenye magoti ya kiwanda kimoja, yaliyowekwa na mpasuaji mmoja, asubuhi moja, watakuwa baada ya wiki tatu ni viumbe wa sentensi tofauti kabisa.

Sisi tumejiunga na mrengo wa upatanisho. Mgonjwa hujulikana kwa wale wanaobadilisha viambishi vyao kwa ajili yake. Sema tu, "Bibi amebadilishwa goti," halafu utazame: kiti kinahama, mkeka unakunjwa, simu inachajiwa, mjukuu anaitwa, redio inapunguzwa. Nyumba nzima imepatana na nomino moja iliyolala kitandani. Swali la kitaalamu si goti limefanya nini bali nyumba imefanya nini.

Data na mapitio ya maandiko

Data zilikusanywa kwa mbinu ya ushuhudiaji shirikishi, maana yake mwandishi alishikishwa simu. Watafitiwa ni akina shangazi, mama wakubwa, wazee wa mtaa na mstaafu mmoja wa jeshi aliyetukataza kabisa kumwita mtafitiwa. Iwapo msomaji ataona sampuli ni ndogo, tunajitetea kwa kumkumbusha kwamba mwaka 2013 watafiti wa Quebec, Kanada, walichapisha uchunguzi wa mtazamo wa wagonjwa wa goti waliotibiwa nyumbani kwa video, na waliohojiwa walikuwa 5. Familia yetu peke yake ina magoti mabovu zaidi ya hayo.

Kwamba tiba yenyewe inafanya kazi, hilo halina ubishi mkubwa. Trevor Russell na wenzake huko Australia walitoa matokeo yao mwaka 2011 baada ya kufuatilia wagonjwa 65. Hélène Moffet na wenzake, Quebec tena, walifuatilia 205 na kuchapisha mwaka 2015. Marekani ulifuata utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, wa wagonjwa zaidi ya 300 ambao baadhi yao walifundishwa na katuni ya mtu kwenye skrini huku mtaalamu wa kweli akifuatilia kwa mbali. Wote walikuta kwamba matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya mazoezi ya ana kwa ana. Hizi ni habari njema na tunazipita haraka, kwa kuwa habari njema haziainishiki.

Inafaa tu kutaja kwamba watafitiwa wetu, wakiulizwa faida ya kwanza ya mazoezi ya simu, hawakutaja goti. Walitaja foleni. Mtu anayekaa Kigamboni akitakiwa Upanga mara tatu kwa wiki, na goti lenye nyuzi za mshono, ana pantoni la kuvuka, bajaji ya kubembeleza na ngazi ya daladala ya kupanda huku konda akipiga bodi la gari kwamba twende. Mazoezi anayopata njiani ni mengi kuliko yale anayoyafuata, ila hakuna anayeyasimamia.

A-WA: mgonjwa mtenda

Hii ndiyo ngeli ambayo vijitabu vya hospitali huichukulia kuwa ni ya binadamu wote. Wanachama wake ni wachache. Mgonjwa wa A-WA huamka, hujibana msuli wa paja kwa kuligandamiza goti kwenye godoro, huburuza kisigino kuelekea makalio, huinua mguu ulionyooka, huchezesha nyayo juu chini ili damu isilale kwenye miguu, na haya yote huyaandika kwenye kaunta buku lenye mistari iliyochorwa kwa rula.

Mstaafu wetu wa jeshi ndiye kielelezo. Alihesabu kwa sauti ambayo majirani waliifuata. Mtaalamu alipomwambia kwa simu kwamba goti limevimba kwa sababu amezidisha, aweke barafu dakika 15 hadi 20, ainue mguu na kupumzika, alipokea agizo hilo kwa uso wa mtu aliyepewa likizo bila kuiomba. Kuanzia siku ya tatu hatukuwa na uhakika nani anamfanyisha nani mazoezi. Kijana wa kwenye simu alikuwa amenyoosha mgongo.

U-I: mti, mkeka, msumari

Wagonjwa wengi zaidi wako huku, na tunaomba wasomaji wasiwacheke. Mti si mvivu. Mti umepandwa, na aliyeupanda ni mtu mwingine.

Katika nyumba zetu mgonjwa mwema ni yule anayelala akatulia. Wageni huja na machungwa na chupa ya uji, hukaa ukingoni mwa kitanda na kusema, "Pumzika mama, usijisumbue." Aliyeinuka kwenda kujichotea maji hupata lawama, na binti aliyemwacha ainuke hupata lawama zaidi. Katikati ya ukoo huu unaopumzisha, sauti moja inatoka kwenye simu yenye spika iliyoingia maji: "Mama, leo tusimame mara kumi." Kura hazitoshi.

Ushahidi mkuu wa ngeli hii ni mto. Goti lililopasuliwa hupata nafuu likikunjwa kidogo, kwa hiyo mtu mwenye huruma huchukua mto laini na kuusukuma chini yake. Maumivu yanapungua, kila mtu anafurahi, na goti linaanza kupona likiwa limepinda. Goti lisilonyooka humfanya mtu achechemee hata kama ndani yake kuna chuma cha gharama kubwa. Ndiyo maana mtaalamu husema kitu kiwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani lijinyooshe lenyewe kwa uzito wake. Agizo hilo ni rahisi kulielewa na gumu kulitii, kwa sababu mto hauwekwi na mgonjwa. Unawekwa usiku, na mtu anayempenda. Tumeshuhudia mto ukiondolewa kwa heshima zote mbele ya kamera na kurudishwa kabla simu haijakatika vizuri.

Dawa pekee tuliyoiona ikifanya kazi ni sentensi moja ya mtaalamu, aliyoisema kwa upole. Alisema kwamba goti likigoma kufika hata nyuzi 90 baada ya wiki kadhaa, mpasuaji anaweza kumrudisha mgonjwa theatre, akampiga nusu kaputi na kulikunja kwa mikono yake. Ukoo ukanyamaza. Mto ulionekana siku ya pili kwenye kiti cha wageni.

KI-VI: wanaodunisha, pamoja na neno juu ya LI-YA

LI-YA ni ngeli ya ukuzaji na haina mafumbo. Mgonjwa akiulizwa maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10, anajibu kumi na tano. Mtaalamu mzoefu hugawa kwa mbili na kuendelea.

Kazi ipo kwenye KI-VI, ngeli ya udogo. Hapa anaingia mzee mwenye adabu zake. Mtaalamu anafungua simu na kufanya kosa ambalo kila Mswahili aliyelelewa vizuri angelifanya: anaanza kwa salamu. "Shikamoo mzee. Habari za tangu juzi? Goti halijambo?" Ameshaharibu uchunguzi wote. Habari hujibiwa nzuri. Ilijibiwa nzuri wakati wa vita, ilijibiwa nzuri msibani, itajibiwa nzuri na mtu mwenye mishono ya chuma. "Marahaba mwanangu. Goti halijambo, tunamshukuru Mungu. Karibu chai." Kisha mzee anageuka kumwagiza mtu alete kikombe cha pili, akakumbuka mgeni yuko ndani ya simu, akacheka, na dakika tano zimekwenda.

Ukweli wa mgonjwa wa KI-VI hukaa nyuma ya maneno mawili, "ila tu". Halijambo, ila tu usiku halinipi usingizi. Halijambo, ila tu huku nyuma, kwenye shavu la mguu, pamekuwa pagumu. Mtaalamu asiyesubiri "ila tu" amekagua adabu ya mzee na si mguu wake. Hapa tunatoka kidogo kwenye mzaha: shavu la mguu lililovimba, likauma, likapata joto au wekundu upande mmoja, linaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa; na pumzi zikikatika ghafla au kifua kikichoma, bonge hilo huenda limeshasafiri hadi kwenye mapafu. Kidonda kinachotoa usaha na homa inayopanda vimo kwenye orodha hiyo hiyo. Mambo haya hayasubiri miadi ya video wala kikombe cha pili. Mtu anapelekwa hospitali, na salamu zitafuata.

Wataalamu wazuri tuliowaona wamegundua njia. Hawaulizi goti. Wanauliza jana usiku mzee aliamka mara ngapi, na wanamuuliza mke wake.

Joto ni tatizo la pekee, kwa kuwa simu haina kiganja. Ana kwa ana mtaalamu angeligusa goti, akahisi joto lake, akalikunja taratibu ajue linagomea wapi na kwa namna gani. Kwa simu analazimika kuazima mkono. "Weka mgongo wa mkono wako kwenye goti hili, sasa kwenye lile. Lipi la moto zaidi?" Goti jipya hubaki na joto kuliko mwenzake kwa miezi, kwa hiyo kinachotafutwa ni joto lililoongezeka tangu juzi, na anayeweza kulijua ni yule yule aliyeligusa juzi. Mkono uliokwisha kuazimwa hauwezi kubadilishwa ovyo. Jambo hili litakuwa na uzito tukifika kwenye ngeli ya mwisho.

U-ZI na KU, kwa ufupi

Katika U-ZI umoja na wingi havifanani: ufa, nyufa, uso, nyuso. Mgonjwa wa ngeli hii akiwa peke yake ni mtu mmoja, na kamera ikiwashwa ni mwingine. Mazoezi ya wiki nzima huyafanya katika robo saa kabla ya miadi, na hupokea simu akihema kwa fahari.

KU ni ngeli ya kitenzi-jina, kisicho na mtenda wala wakati. "Kufanya mazoezi ni kuzuri sana." Tunakubali.

I-ZI: nomino zilizotoka ng'ambo

Maneno ya kukopa, redio, kompyuta, programu, mengi yamepewa hifadhi kwenye I-ZI, nasi tumewapa hifadhi humo wagonjwa waliofanyiwa upasuaji India. Siku hizi kubadilisha nyonga na goti kunafanyika nchini. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ni mojawapo ya mahali panapofanyika upasuaji huo. Hata hivyo njia ya Chennai bado ina wasafiri wake, na wasafiri hao hurudi na bahasha kubwa ya picha za eksirei, chupa za mafuta ya kuchua, na nambari ya simu ya mtaalamu ambaye ataendelea kuwasimamia kutoka huko.

Matatizo ya I-ZI huanza na saa. Mtaalamu wa Chennai anasema saa kumi, kwa maana ya 10:00 asubuhi ya kwao. Kwa Dar es Salaam hiyo ni saa moja na nusu asubuhi. Mgonjwa amesikia "saa kumi", naye kwa hesabu ya Kiswahili saa kumi ni jioni, au ni alfajiri. Tunaye mama mkubwa aliyejiandaa saa kumi ya usiku, kavaa hereni, kakaa wima kitandani na simu mapajani, akihurumia nchi ambayo wataalamu wake hawalali.

Baada ya saa kuna ukalimani. Mtaalamu anatoa maelezo marefu kwa Kiingereza, mjukuu wa kidato cha pili anatafsiri: "Anasema kunja." Maelezo mengine marefu zaidi. "Anasema kunja tena." Bibi anauliza kama hayo yote ndiyo kunja. Mjukuu anathibitisha. Tumeyasikiliza maelezo hayo na tunakiri kwamba, ukiondoa adabu, yalikuwa kunja.

PA-KU-MU

Ngeli hii si ya mgonjwa. Ni ya simu, na kwa kuwa simu haijishiki yenyewe, ni ya anayeishika. Kila mwanafunzi amekaririshwa kwamba PA- ni mahali dhahiri, KU- ni mahali pasipo dhahiri, na MU- ni ndani. Hatujapata kuona kanuni ya sarufi ikithibitika uwandani kwa usafi kama hii.

Katika PA-, simu imeegemezwa kwenye kiti, usawa wa goti, ubavuni kwa mgonjwa, na mguu unaonekana wote kuanzia nyonga hadi kifundo. Hapo mtaalamu anaweza kulikadiria kunjo la goti, hata kuliwekea kipimapembe kwenye kioo chake. Simu ikisogea kuelekea miguuni au ikipanda juu, pembe inadanganya, na goti lile lile huonekana limekunjwa zaidi au pungufu. Tunamfahamu mgonjwa aliyepata maendeleo makubwa kati ya Jumatatu na Jumatano kwa sababu tu mshika simu alihamia upande wa pili wa kitanda.

Katika KU-, mtaalamu anaona pangaboi. Linazunguka. Chini yake sauti inauliza, "Daktari, unaliona?" Naye, baada ya kufikiri, anajibu kwamba analiona.

MU- hutokea pale mzee aliyezoea kitochi anaposikia sauti ya mtu na kuipeleka simu sikioni. Kwa dakika kadhaa mtaalamu wa mifupa hukagua sikio.

Lakini uchambuzi wa kamera ni utangulizi tu wa uchambuzi wa ukoo. Ili goti lionekane, nguo ipande. Nguo ikipanda, lazima kuulizwa nani yuko chumbani. Hapo ndipo upatanisho wetu unapokomaa, maana si kila ndugu anaweza kushika simu hiyo.

Mkwe wa kiume hawezi. Hata katika nyumba isiyoshika mila nyingine yoyote, mila hii ipo: mtu hasimami kuangalia goti la mama mkwe wake, achilia mbali kulielekezea taa ya simu. Tuliona jaribio moja. Mkwe alishika simu huku amegeuzia uso ukutani, na mtaalamu akapata ngeli ya KU- katika hali yake halisi.

Mume anaweza, ila hafai. Ameishi na goti hilo miaka arobaini na ana nadharia yake kuhusu lililosababisha. Mtaalamu akisema kunja, mume anaongeza, "Nilikwambia." Binti anafaa kwa utaratibu wote mpaka mama atoe mlio wa kwanza, hapo simu inashuka na wote wawili wanalia. Dada wa kazi ana mkono imara na macho mazuri, lakini hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba anadanganya.

Anayeweza ni mjukuu. Hili tunalisema bila kusita na tungependa linukuliwe. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani, na utani ni leseni. Mtaalamu, awe na shahada ya kutoka popote, hata akiwa amesomea KCMC Moshi, kwa bibi ni "mwanangu", na mtoto huomba ruhusa, haamrishi. Mjukuu wa kiume humwita bibi mke wake. "Mke wangu, kunja, au nitaoa mwingine. Kunja tena. Hiyo haijafika, usinidanganye mimi." Na bibi, ambaye hajapokea amri ya mtu tangu babu afariki, anakunja, anatukana, anacheka, anakunja zaidi. Nyumba zenye stara kali humtumia mjukuu wa kike, ambaye ana leseni hiyo hiyo na matusi machache zaidi. Kanga ya pili inatandazwa mapajani, goti linabaki wazi, na kazi inafanyika.

Ushauri wote unatoka kwa mtaalamu. Lakini mwenye mkono wa kupima joto, jicho la kuona mto umerudi, na ulimi wa kumwita bibi mwongo, ni mtoto ambaye hakuna jalada lililomtaja.

Mazingira ya utokeaji

Hapa tuna hoja dhidi ya maandiko ya ng'ambo, na si ya mzaha sana. Kutembea sakafuni kunahitaji goti likunjike nyuzi 65 au 70 hivi. Ngazi zinataka kati ya 80 na 100. Kuinuka kwenye kiti cha kawaida kunataka kupita 90 kidogo. Kwa hesabu hiyo goti bandia likifika nyuzi 110 watu hupongezana, na mengi huishia kati ya hapo na 120. Hesabu hiyo ilipigwa na watu wanaokaa kwenye viti.

Kwetu maisha yapo chini. Kuna mkeka, kuna kigoda, kuna choo cha kuchuchumaa, kuna sijda na kikao cha tahiyatu, na vingi kati ya hivyo vinadai nyuzi 120, 130 na kuendelea. Sheria ya dini haikumbana mgonjwa: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na kiti kinakubalika. Tatizo ni mgonjwa wa A-WA anayesema atajaribu sijda moja tu, ndogo. Choo nacho watu wamekipatia ufumbuzi ambao haumo kwenye jarida lolote: kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kikawekwa juu ya shimo. Kinafaa mpaka sakafu ilowe. Tulimsikia mtaalamu mmoja akiomba simu ipelekwe chooni. Familia ikaona ni utovu wa adabu, ikapeleka hivyo hivyo, naye akaona miguu ya kiti inavyotanuka kwenye vigae vyenye maji. Siku hiyo hiyo kilinunuliwa kingine kizito, kikaegemezwa ukutani.

Na kuna mbuzi. Mgonjwa wa nyonga, hasa aliyepasuliwa kwa nyuma, huambiwa kwa wiki kadhaa asiikunje nyonga kupita nyuzi 90, asipishanishe miguu, asiugeuzie mguu ndani, la sivyo kichwa cha nyonga bandia kinaweza kuchomoka kwenye kikombe chake. Mwenye kukuna nazi hukaa sentimita chache kutoka sakafuni, magoti yamepanda karibu na kifua, kiwiliwili kimeinama mbele, na huo mwendo wa kukuna unamsukuma ainame zaidi. Ukimtafutia mtu njia fupi ya kurudi theatre, hutapata bora. Fomu aliyojaziwa hospitalini shangazi mmoja, mgonjwa wetu wa nyonga, ilimuuliza kama nyumbani kuna ngazi. Hakuna. Ikaandikwa kwamba mahitaji yake ni madogo.

Hakuna mtu anayebeba mbuzi ya nazi kwenda kliniki. Ilikuwa ni kwenye simu, mjukuu akihangaika kutafuta mahali pa kuegemeza kamera, ndipo kona ya jikoni ilipopita mbele ya kioo.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema mtaalamu. "Shangazi, hiyo mbuzi inakaliwa na nani?"

Kimya.

"Siikalii sana," akasema shangazi.

Hatujaona katika mapitio yetu yote ya maandiko, ya Australia na ya Quebec, kipimo kilicholeta data nyingi kiasi hicho kwa sekunde moja. Hospitalini shangazi ana nyonga. Nyumbani, mbele ya kamera iliyoshikwa vibaya, ana nyonga, mbuzi, na wali wa nazi unaosubiriwa na watu wanane.

Mapendekezo

Kabla ya kuuliza goti, mtaalamu aulize simu kashika nani, aandike uhusiano wake na mgonjwa, na aombe awe huyo huyo kila mara. Miadi itajwe kwa saa ya Kiswahili na ya kizungu, zote mbili. Kiti kiwe kizito, kisicho na magurudumu, na kiegemezwe ukutani. Kamera izungushwe mara moja kuonyesha choo, kitanda na jiko, na mgonjwa asipewe taarifa mapema, maana akipewa, mbuzi itahamishiwa kwa jirani. Suala la bando tunalikabidhi kwa watafiti wa uchumi, isipokuwa kwa ushauri mmoja wa kimbinu: lisinunuliwe kabla. Liishe katikati ya mazoezi, wakati nguo inataka kupanda, ili mkwe apate jambo la heshima la kufuata dukani.